SHAURI LA JUMA: CHUO KIKUU HAKINGOJI MTIHANI WA MWISHO

Mkulima wa Kangundo hana haja ya kufundishwa maana ya kutangulia. Ajua kwamba matuta ya shamba huchimbwa wakati wa jua, ardhi ikiwa ngumu, wala si siku ile mvua inapoteremka. Anayengoja mpaka ayaone mawingu juu ya vilima vya Iveti atasimama mlangoni akitazama udongo wake ukienda mtoni. Ajua pia kwamba mche wa kahawa aliouatika leo hautampa mavuno ya maana ila baada ya miaka kama mitatu, na kwamba katika miaka hiyo yote hana budi kuupalilia, kuutilia samadi na kuulinda, ingawa haumpi hata senti moja.

Lakini mtu huyu huyu, mwenye busara katika shamba lake, mara nyingi hufanya kinyume katika elimu ya mwanawe. Hulipa karo, humhimiza mtoto asome kwa bidii, kisha hukaa akingoja matokeo ya mtihani wa mwisho. Matokeo yakisha kutangazwa, ndipo anapouliza: Mtoto ataingia chuo gani? Atasoma kazi gani? Fedha zitatoka wapi? Maswali hayo ni mema, lakini yameulizwa mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

Juma hili twataka kuwaeleza wasomaji wetu, wakulima na makarani, kwa nini safari ya chuo kikuu yapasa kuanzwa mtoto angali katika miaka ya kwanza ya shule ya sekondari, na mambo gani hasa ya kutengeneza mapema.

MLANGO HUFUNGWA MAPEMA KULIKO TUDHANIVYO

Watu wengi hudhani kwamba alama ya jumla ya mtihani wa KCSE ndiyo ufunguo wa pekee. Husema, “Mtoto akipata C+ ataingia chuo kikuu,” na mazungumzo yakaishia hapo. Ni kweli kwamba C+ ndiyo alama ya chini kabisa ambayo mwanafunzi wa KCSE aweza kuiombea nafasi ya digrii kwa njia ya KUCCPS, lile shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo. Lakini alama hiyo humfikisha mtu uani tu, haimwingizi nyumbani. Ndani ya nyumba kuna vyumba vingi, na kila chumba kina ufunguo wake.

Ufunguo huo ni masomo yenyewe. Atakaye kusoma uhandisi sharti awe amefanya mtihani wa Hisabati, Fizikia na Kemia, na kufaulu vema katika kila moja. Atakaye kuwa daktari hawezi kukosa Biolojia na Kemia. Tena KUCCPS haitazami alama ya jumla peke yake. Kwa kila kazi huchukua masomo manne yanayohusu kazi hiyo na kuyapa hesabu yake maalumu. Katika mtihani huu A ni pointi 12 na E ni pointi 1, basi masomo manne yaweza kufika pointi 48. Kwa sababu hiyo, wanafunzi wawili wenye alama ya jumla iliyo sawa waweza kuomba kazi ile ile, mmoja akapata na mwingine akakosa, kwa kuwa yule wa kwanza alifanya vizuri katika yale masomo manne yanayotakiwa.

Tutoe mfano wa kufikiri tu. Mwanafunzi mmoja apata B+, na mwenzake apata B. Wote wawili wataka uhandisi. Yule wa B+ aliacha Fizikia alipomaliza Kidato cha Pili, kwa kuwa aliambiwa na wenzake kwamba ni somo gumu litakalomshushia alama. Yule wa B alikaa nalo, akahangaika nalo, akalipata. Siku ya kuomba nafasi, mwenye B ana haki ya kuomba na mwenye B+ hana. Hakuna mtu aliyemwonea. Mlango ule aliufunga kwa mkono wake mwenyewe miaka miwili kabla ya mtihani, tena pasipo kujua kwamba ulikuwa mlango.

Hilo ndilo jambo kubwa tunalotaka msomaji alishike. Mtihani wa mwisho huonyesha tu yale yaliyokwisha kuamuliwa zamani, katika siku ambazo hakuna aliyekuwa na haraka.

MTAALA MPYA UMEUSOGEZA UAMUZI KARIBU ZAIDI

Katika mtaala wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa KCSE wa mwisho ni wa mwaka 2027, desturi ilikuwa mwanafunzi achague masomo yake mwisho wa Kidato cha Pili au mwanzo wa Kidato cha Tatu. Wakati huo alikuwa na miaka kama 16, na alikuwa amekwisha kuyaonja masomo yote kwa miaka miwili ya sekondari.

Katika mtaala mpya uamuzi huo waja mapema. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa Gredi ya 9 mwaka 2025, wakaingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari mwaka 2026. Kabla ya kuingia walitakiwa kuchagua moja katika njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Ndani ya njia hiyo walichagua masomo matatu ya kushika mpaka Gredi ya 12, pamoja na yale ya lazima kwa wote. Tena si kila shule ifundishayo njia zote tatu. Kwa hivyo kuchagua shule na kuchagua kazi ya baadaye vimekuwa karibu jambo moja.

Hebu mzazi alipime jambo hili. Mtoto wa Gredi ya 9 ana miaka kama 14 au 15. Aghalabu hamjui mhandisi hata mmoja, wala hajawahi kuona maabara iliyo kamili. Aachwe peke yake, atachagua somo analolipenda rafiki yake, au somo la mwalimu mcheshi. Uamuzi huu mkubwa wahitaji watu wazima watatu mezani pamoja naye: mzazi, mwalimu, na mtu mmoja afanyaye kazi ile ambayo mtoto anaitamani.

HATA ZAMANI ILIKUWA HIVYO

Jambo hili si geni. Mkoloni alipokuwa akitawala, njia ya kufika chuo kikuu ilikuwa nyembamba sana. Mtoto alipita mtihani wa KAPE mwisho wa darasa la nane, akaingia katika shule moja kati ya chache za sekondari zilizokuwapo, kama vile Alliance High School iliyofunguliwa mwaka 1926, kisha akafanya mtihani wa Cambridge School Certificate. Waliofaulu hasa ndio walioelekea Makerere, chuo kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mtu wa Kangundo aliyepita Makerere ni Paul Ngei, ambaye baadaye alishitakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, kisha akawa mbunge wa hapa Kangundo.

Tazama pia habari ya mwaka 1959. Tom Mboya na wenzake waliposhughulikia ndege ya kuwapeleka vijana kusoma Marekani, walioondoka Nairobi mwezi wa Septemba walikuwa 81. Waliotamani kwenda walikuwa wengi kupita idadi hiyo. Ndege haikuwa ya kila mwenye kutamani. Iliwafaa wale waliokuwa na shahada zao mkononi, waliokwisha kuandikiana barua na vyuo na kukubaliwa, na ambao jamaa zao walikuwa wamechanga fedha za matumizi. Mwaka uliofuata, 1960, aliondoka Wangari Maathai akiwa kijana, akaenda kusoma Biolojia katika jimbo la Kansas. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, naye ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kuipata. Kama msichana yule angaliambiwa tangu utotoni kwamba sayansi ni ya wavulana, naye akasadiki, nafasi ilipokuja isingalimkuta tayari.

Siku hizi nafasi ni nyingi kuliko zamani. Hapa Machakos penyewe pana Chuo Kikuu cha Machakos kilichopewa hati yake mwaka 2016, na jirani zetu wa Kitui wana Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Lakini wenye kuziomba nafasi nao wameongezeka mno. Kutangulia kungali na faida yake ile ile.

MAMBO MANNE YA KUTENGENEZA

Jambo la kwanza ni masomo. Mzazi aende shuleni mapema, wala asingoje kuitwa. Amwulize mwalimu mambo matatu: Mtoto wangu anashika masomo gani? Masomo hayo yanamfungulia kazi zipi, na kumfungia zipi? Je, shule hii ina mwalimu na vyombo vya kuyafundisha masomo hayo? Hata kama mzazi hakusoma, maswali hayo aweza kuyauliza, na mwalimu ana wajibu wa kuyajibu. Ikiwa mtoto ni dhaifu katika Hisabati, huo udhaifu utibiwe katika mwaka wa kwanza. Hisabati ni kama ngazi. Asiyekanyaga kipandio cha chini hawezi kufika cha juu kwa kukariri usiku mmoja.

Jambo la pili ni hati. Vijana wengi hucheleweshwa na karatasi, wala si kwa ukosefu wa akili. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, na daftari la shule lina majina matatu. Jina la ubatizo limo katika hati moja na halimo katika nyingine. Herufi moja imeandikwa vingine. Kosa hilo likionekana mapema, laweza kusahihishwa kwa subira. Likionekana siku ya kuomba mkopo au nafasi ya chuo, laweza kumgharimu kijana muda asioweza kuupata tena. Kwa hivyo mzazi alinganishe hati zote kabla mtoto hajaandikishwa kwa mtihani wa mwisho, maana jina atakaloandikishiwa ndilo litakalotokea katika shahada yake. Vitambulisho vya baba na mama viwe mahali pamoja na salama. Na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo kitafutwe. Kijana akifika miaka 18 akachukue kitambulisho chake pasipo kukawia.

Hapa twasema neno moja kwa makarani wanaotusoma. Ninyi mwajua kujaza fomu, nanyi mwajua ofisi ipi hushughulikia jambo lipi. Jirani yako mkulima huenda akasafiri mpaka Machakos mara tatu kwa kukosa karatasi moja. Ukimpa nusu saa ya jioni moja, umemwokolea nauli na siku tatu za kazi shambani.

Jambo la tatu ni fedha. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, HELB, iliyoundwa mwaka 1995, imewasaidia vijana wengi. Utaratibu ulioanzishwa mwaka 2023 hutazama uwezo wa kila jamaa, nao umebishaniwa mahakamani. Basi masharti yaweza kubadilika, na mzazi sharti ayafuatilie mwaka hata mwaka. Lakini hata mkopo ukipatikana, mara nyingi hufika baada ya chuo kufunguliwa. Siku ya kwanza kijana ahitaji nauli, godoro, blanketi, vyombo, kodi ya chumba na chakula. Tena mkopo ni deni, atalilipa yeye mwenyewe atakapopata kazi.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mzazi aanza kuweka shilingi 1,000 kila mwezi tangu Januari mtoto aingiapo Gredi ya 10, na chuo chafunguliwa mwezi wa Septemba baada ya mwaka wa mtihani. Miaka mitatu ni miezi 36. Ongeza miezi 8 ya kungoja, jumla ni miezi 44. Atakuwa na shilingi 44,000, kabla ya kuhesabu faida ya benki au ya chama cha akiba. Jirani yake angoja mpaka matokeo yatangazwe Januari, kisha ataka kupata fedha zile zile katika miezi 8. Huyo itambidi aweke shilingi 5,500 kila mwezi. Mmoja abeba mzigo uo huo kidogo kidogo, na mwenzake aubeba wote kwa mara moja, labda kwa kuuza ng'ombe au kipande cha shamba katika mwezi ambao mnunuzi ajua kwamba muuzaji ana shida.

Mkulima atajibu kwamba yeye hana mshahara wa kila mwezi, na fedha za kahawa huja kwa msimu. Ni kweli. Basi aweke kwa msimu: malipo ya kahawa yakifika, fungu la chuo litolewe kwanza, kabla ya fedha hazijapita dukani. Akina mama wa Ukambani wajua nguvu ya mwethya. Ndivyo matuta mengi ya nchi hii yalivyochimbwa. Kikundi kinachoweza kuchimba shamba la kila mmoja kwa zamu chaweza pia kuweka akiba ya watoto wa kila mmoja. Harambee ni desturi njema, lakini harambee ya dharura hutegemea huruma ya watu na hali ya mwaka ule, nayo haiwezi kurudiwa kila muhula.

Jambo la nne ni tabia. Shuleni kengele humwamsha mwanafunzi, humpeleka darasani, humwita chakulani na kumlaza. Chuo kikuu hakuna kengele. Kijana hupewa fedha za matumizi, kitabu na uhuru, akaachwa. Wako waliofika huko na alama za juu wakashindwa katika mwaka wa kwanza kwa sababu hawakujua kujiamsha. Basi apewe nafasi ya kujizoeza akiwa nyumbani wakati wa likizo. Apewe fedha kidogo na kutakiwa kutoa hesabu yake. Apange mwenyewe saa za kusoma na saa za kazi. Asome magazeti na vitabu visivyotakiwa na mtihani, ili azoee kuelewa jambo pasipo mtu wa kumfafanulia.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wako wasemao, “Tusihesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa. Kwanza apite, mengine baadaye.” Twaiheshimu tahadhari hiyo, lakini hatukubaliani nayo. Katika mambo manne tuliyoyataja, hakuna hata moja litakalopotea mtoto akikosa C+. Akipata C-, aweza kuomba masomo ya diploma. Na wako wengi walioanzia diploma wakafika digrii, ingawa kwa miaka mingi zaidi. Atakayeingia chuo cha ufundi atahitaji hati zile zile, fedha zile zile na tabia ile ile. Fundi stadi wa umeme au wa mabomba ana heshima yake na riziki yake. Akiba iliyowekwa haiozi.

Wako pia wazazi wanaotangulia kwa namna mbaya: wamekwisha kumchagulia mtoto udaktari tangu azaliwe, naye hapendi damu wala Biolojia. Huko ni kumfunga mtoto, wala si kumtengenezea njia. Kazi ya mzazi ni kuhakikisha kwamba milango mingi ingali wazi kijana atakapofikia umri wa kuchagua kwa akili zake. Kwa hiyo, mtoto asiyejua bado anachotaka ndiye hasa asiyefaa kuharakisha kuacha Hisabati na sayansi.

Nawe mwanafunzi usomaye ukurasa huu, uwe Kangundo High School, Tala Girls au shule ndogo ya kutwa kijijini, usidhani kwamba maneno haya ni ya wazazi peke yao. Mzazi aweza kulipa karo na kutafuta cheti, lakini hawezi kukufanyia hesabu za Fizikia. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Basi, kabla ya juma hili kwisha, kila mzazi mwenye mtoto katika shule ya sekondari na atoe cheti cha kuzaliwa na ripoti ya shule, aviweke mezani pamoja, na alinganishe majina herufi kwa herufi. Kisha amwulize mtoto ni masomo gani anayoyashika na kwa sababu gani. Akiona kwamba mtoto hana jibu, Jumatatu na aende akaonane na mwalimu.